Orodha ya Mama na Mfumo wa Pili

Dada yangu ana kompyuta ya kukunja ambayo tulikimbia nayo kutoka Quiterajo vita vilipoingia, ikiwa imefungwa kanga mbili na kulazwa ndani ya beseni la mchele. Mama alibeba mkeka wake wa kuswalia. Mimi, mwanamume pekee katika msafara ule na mwalimu wa sayansi, nilibeba redio isiyo na betri. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni nani katika familia yetu anayejua kitu cha kuokoa.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimo orodha ya wazee. Kwetu, kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, ukoo hupika sadaka na kuwaombea marehemu wake. Hawaombewi kwa jumla. Hutajwa mmoja mmoja, jina lake na la baba yake, na tuliambiwa tangu utotoni kwamba anayesahauliwa hubaki mlangoni akiwatazama wenzake wakipokea. Aliyewajua wote ni mama. Hakujua kusoma, lakini aliwataja mfululizo huku mikono yake ikichambua mchele, bila kurudia hata mmoja. Alasiri moja, kabla ya mambo kuharibika, alimwita dada, ambaye wakati huo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya posto, ile ya serikali ya tarafa, akamwambia aandike. Dada akaandika. Karatasi iliyochapishwa siku ile iliungua pamoja na nyumba. Ikabaki ile ya kwenye kompyuta, peke yake duniani.

Mama alifariki mwaka jana, hapa Olumbi tulipokimbilia, siku chache baada ya Idi. Kwa hiyo Shaabani hii ilikuwa ya kwanza bila kinywa chake. Mwalimu wa madrasa alituomba tumpe majina kwenye karatasi, Ijumaa ya sadaka isije ikamkuta anabahatisha. Mimi nawajua kama ishirini, na nusu yao nawajua kwa majina ya utani ambayo hayafai kutajwa mbele ya Mungu. Orodha ikipotea, wazee wetu wote wanabaki mlangoni.

Mtu mwenye akili timamu angewasha kompyuta, akafungua orodha, akaichapisha kwenye printa ya shule na kurudi nyumbani kula. Ni kazi ya nusu saa. Lakini mimi nilikuwa nimehudhuria semina.

Semina ilifanyika Pemba, ule mji mkuu wa mkoa wetu, si kisiwa, siku tatu, kwa ajili ya walimu. Tulifundishwa kwamba kuna mfumo wa kompyuta uitwao Linux, wa bure, mwepesi, uliotengenezwa hata kwa ajili ya watu wanaoanza, na kwamba unaweza kuuweka kando ya mfumo uliopo bila kuufukuza. Kila mmoja wetu alipewa flashi nyekundu yenye mfumo huo. Tangu nirudi nilikuwa natembea nayo mfukoni nikitafuta kompyuta inayoumwa. Ya dada iliumwa vizuri sana. Ilijaa virusi tulivyojiletea wenyewe kwa kuazimana nyimbo za harusi, na kuiwasha kulichukua muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe.

"Dada," nilimwambia, "hii ikiendelea hivi, siku moja itagoma moja kwa moja na wazee wakiwa ndani. Tuweke Linux kwanza. Halafu ndio tuifungue orodha kwa nafasi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Dada ni mtu wa kuniuliza kwa nini nimevaa viatu. Nilitegemea aseme tuchapishe kwanza, mengine baadaye, na nilikuwa na majibu matatu. Badala yake aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Haya, sinyor profesori. Orodha ingoje. Anza na mambo yako."

Nikadhani ni ufasaha wangu.

Nilimweleza kwamba mfumo wa zamani hautoki. Itakuwa miwili, kila mmoja na chumba chake, na ukiwasha kompyuta unachagua leo unaingia kwa nani. Dada, aliyekuwa akipepeta mchele, aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo unamletea mke mwenza."

"Si hivyo, dada."

"Vyumba viwili, na kila siku anachagua aingie kwa nani. Mie hayo sihitaji semina."

Kweli hakuihitaji. Alikaa miaka tisa akiwa mke mkubwa wa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka Ruvuma mara mbili kwa mwezi, mpaka siku alipomkunjia nguo zake vizuri, akaziweka kizingitini na kumtakia safari njema. Nyumba ilikuwa ya dada. Shemeji alivuka na hakurudi.

Nikamwambia pia kwamba fundi yeyote mwenye heshima hutengeneza nakala kwanza. Hilo alilikubali haraka. Alikuwa na flashi yake ndogo nyeusi. Aliikokota orodha mwenyewe kuiingiza humo, bila kuifungua, kwa haraka ya mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala, kisha akaichomoa na kuingia nayo ndani. Baadaye nikasikia harufu ya udi. Sikuuliza. Nyumba yetu hufukizwa kwa sababu nyingi.

Ilibidi tungoje juma zima, maana energia, yaani umeme, siku zile ilikuwa inakuja na kuondoka bila kuaga, na mimi nilitaka siku iliyotulia. Jumanne iliyofuata taa ziliwaka tangu asubuhi. Tukaweka meza barazani, kompyuta juu yake, waya ukapita dirishani. Betri ya kompyuta ile ilikufa siku nyingi, kwa hiyo uhai wake wote ulikuwa kwenye waya huo. Hilo nililijua. Nalikumbusha tu ili isionekane kwamba nilidanganywa na mtu.

Nikachomeka flashi nyekundu. Linux ikaanza kuniuliza maswali kwa Kireno kizuri cha ofisini. Iliniuliza niko wapi, na Olumbi haikuijua, wala Pemba. Nikawa mtu wa Maputo, mji ambao sijawahi kuuona. Kisha ikaja ile hatua ambayo semina nzima iliiogopa. Mstari wa kwanza ulisema *Instalar ao lado*, yaani weka kando ya uliopo. Mstari wa pili, chini yake tu, ulisema *Apagar o disco*, yaani futa kila kitu. Kati ya wazee wetu wote na ufutio hapakuwa na upana wa kidole.

Dada alikuwa amekaa nyuma yangu na tasbihi.

"Upi unaofuta?"

"Huu wa pili."

"Basi toa mkono wako hapo."

Nikachagua wa kwanza. Ukatokea mchoro wa boksi refu lenye rangi mbili, na katikati kijiti cha kusogeza kulia au kushoto: huku eneo la mfumo wa zamani, huku la mgeni. Semina ilisema mgeni anatosheka na robo. Nikasogeza.

"Unafanya nini?"

"Nampa robo."

"Nusu kwa nusu."

"Dada, huyu hahitaji—"

"Wewe ndiye uliyeleta wawili. Ukileta wawili, ni uadilifu. Sitaki nyumbani kwangu mtu aje aseme alipewa kona."

Nikagawa nusu kwa nusu, isipokuwa kipande kidogo nilichomwongezea yule wa zamani bila kumwambia dada. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutembea, na mimi nikaegemea kiti na kumweleza dada habari za programu huria, uhuru wa mtumiaji na mataifa yanayoendelea. Alisikiliza kwa adabu ambayo ingenishtua kama ningekuwa na akili ya kushtuka. Saa moja baadaye Linux ikanipongeza. Ilisema imemaliza, nitoe flashi, niwashe upya.

Tulipowasha upya ikatokea orodha ya kuchagua: Linux juu, mfumo wa zamani chini, na sekunde kumi zikihesabiwa kurudi nyuma.

"Kwa nini mgeni yuko juu?" dada aliuliza.

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo," alirudia, kwa sauti aliyokuwa akimtolea shemeji.

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akashuka mwenyewe mpaka kwa mfumo wa zamani, akabonyeza. Mfumo wa zamani ukaamka, ukakuta nusu ya nyumba yake haipo, na kama ambavyo mtu yeyote angefanya, ukaanza kukagua vyumba. Namba ndogo ikatokea katikati ya kioo: asilimia moja, mbili, tatu. Nilimwambia dada ni jambo la kawaida, tusiuguse. Hatukuugusa. Ilipofika arobaini na moja, energia ikaondoka.

Kioo kikawa cheusi. Feni ya jirani ikasimama. Semina haikutufundisha mtu avae sura gani wakati huo, nikavaa niliyokuwa nayo.

"Hakuna wasiwasi," nilisema. "Ndiyo sababu tulitengeneza nakala. Lete flashi."

Dada alipanda kwenye stuli, akashusha kutoka juu ya kabati kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na msahafu wa mama, na juu ya msahafu flashi nyeusi. Aliitoa kwa mkono wa kulia. Ilinukia kama bi harusi. Ile sehemu yake ya chuma, inayoingia kwenye kompyuta, ilikuwa imeota ukoko wa rangi ya kijani.

Niliukwaruza kwa ukucha.

"Dada. Umeinyunyizia marashi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ya dua. Kila baada ya alfajiri." Akafikiri. "Siku saba. Na udi siku ya kwanza."

Hapo nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba flashi ni kitu cha umeme, si msahafu, na kwamba hakuna mtu popote duniani aliyewahi kuhifadhi nakala kwa maji ya waridi.

"Ndani yake kuna nini?" aliuliza.

Orodha ile inaanza kwa Bismillahi na Fatiha kwa herufi za Kiarabu. Dada alihangaika nazo saa nzima kuzipanga, mama akingoja. Baada yake wanafuata marehemu wetu. Kitu chenye hayo hakitiwi mfuko wa suruali kikaingia chooni, hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa kusoma. Sasa kikishawekwa juu ya msahafu, katika mwezi wa kuombea wazee, kisinyunyiziwe kwa nini? Semina ilisema tutengeneze nakala. Haikusema tusiirashie.

Tulikaa barazani kungoja energia. Niliogopa, na naona bora niseme hivyo kuliko kupamba. Nilihesabu kimya kimya wazee ninaowajua na nikafika kumi na tisa. Nilimwona mama amesimama mlangoni pamoja na wale wengine wote, kwa sababu mwanawe alitaka kuonyesha alichojifunza Pemba.

Energia ilirudi alasiri. Flashi nyeusi, nilipoichomeka, haikuwaka hata taa. Ile orodha ya kuchagua ikatokea tena na sekunde kumi zikaanza. Semina inasema mtumiaji achague kwa kujiamini. Mimi niliondoa mikono yote miwili mezani. Tisa, nane, saba. Zilipokwisha, mgeni alifungua mlango mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa juu.

Linux iliwaka kwa nusu dakika, safi, kama haijui kilichotokea. Nikafungua mahali panapoonyesha diski na nikakuta upande wa mfumo wa zamani upo. Nikaingia. Ikatoa onyo: ukaguzi wa huko haukumalizika, kwa hiyo ruhusa ni ya kusoma tu, kuandika hapana. Nikashuka kwenye makabrasha ya dada, moja baada ya jingine. Orodha ilikuwepo.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliijibu kwa takbiri, wakidhani ni heri. Nikageuka. Dada alikuwa bado amekaa pale pale, tasbihi imesimama.

"Njoo uone! Wapo!"

"Soma wewe," alisema.

Kabla ya kufungua, niliona tarehe ya mara ya mwisho orodha ile kuguswa. Ilikuwa alasiri ile ile ya Quiterajo. Tangu mama alipomaliza kuitaja, hakuna mtu aliyewahi kuandika herufi humo. Nikafungua.

Dada alikuwa mpiga chapa wa kweli. Alichoambiwa ndicho alichoandika, hakupunguza. Kwa hiyo baada ya jina la nane kuna maneno "huyu alikuwa mwizi wa nazi lakini ni wetu". Baada ya la thelathini na tatu, "sogea huku, hujasikia vizuri, nimesema ndugu yake, si yeye". Baada ya babu mmoja ambaye sote tuliheshimu jina lake, mama amesema neno ambalo sikujua analijua. Nilisoma kwa sauti, nikicheka na kujifuta macho. Ilikuwa sauti yake kabisa, na ukali wake wa kuchambua mchele. Nikafika la themanini na sita. Mbele yake palikuwa na maneno: "haya, wamekwisha. Hapo chini acha nafasi moja, na usinikodolee macho."

Chini yake iliandikwa 87. Baada ya 87 hapakuwa na kitu.



"Nilijua ipo," dada alisema nyuma yangu. "Mwaka mzima najua ipo. Kila nikitaka kuifungua, naiona. Komputadori ilipokuwa inachelewa kuwaka, mdogo wangu, mie nilikuwa nafurahi."

Nikaelewa ni kwa nini hakubisha. Ufasaha wangu haukuhusika. Alikuwa amepata mjinga wa kumcheleweshea, na mjinga akaja na flashi yake mwenyewe. Niliona aibu, si kwa ajili ya mashine, bali kwa kuwa nilikaa nyumba moja na dada yangu mwaka mzima na nikadhani anayehitaji kutibiwa ni kompyuta.

Alisogea. Nikampisha kiti. Akaweka vidole vyote kumi mahali pake, kama zamani ofisini, akavuta pumzi na kuandika. Hakuna kilichotokea. Akaandika tena. Nafasi ilibaki tupu, na juu ya kioo likaendelea kukaa lile onyo la kusoma tu.

"Imemkataa," alisema, na hapo akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu msiba, hata siku ya maziko, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwalisha.

Nilimweleza polepole, bila Kireno chochote. Kwamba upande wa zamani umejifunga kwa kuwa ulikatizwa katikati ya kazi, na kesho ukimaliza ukaguzi wake utafunguka. Kwamba leo naweza kuinakili orodha na kuileta upande wa mgeni, na huku itaandikika.

"Kwa mke mwenza?"

"Kwa mke mwenza."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya. Mama hakuwa na ugomvi naye."

Nikainakili. Dada akaandika jina la mama, la baba yake mama na la babu yake, taratibu, bila kukosea herufi. Linux ilipigia jina zima mstari mwekundu, kwa maana kwamba haimjui. Dada aliutazama mstari ule, akausamehe. Kisha, kwa mazoea ya mpiga chapa anayemaliza mstari, kidole chake cha mwisho kikabonyeza kitufe cha kuteremka.

Kompyuta, ambayo hakuna mtu aliyeiomba, ikaandika 88.

Tukaitazama. Kisha tukatazamana. Dada ananizidi miaka sita, lakini mimi nina presha.

"Ifute," nilisema.

"Wewe ndiye fundi. Ifute wewe."

Kitufe chenyewe nilikijua, kilikuwa karibu na kidole changu. Nilikumbuka mama akisema acha nafasi moja, na namna alivyoweza kulisema bila kuacha kuchambua mchele. Nikahifadhi orodha kama ilivyo, asubuhi nikaipeleka kwenye printa ya shule. Kwa ajili ya mwalimu tuliacha majina na kuondoa maneno ya mwizi wa nazi na mengine kama hayo. Kwenye kompyuta yamebaki, pande zote mbili.

Ijumaa watu walijaa uani kwetu, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia karibu na masufuria. Mwalimu wa madrasa alisoma majina akitaja na namba, kwa kuwa ni mtu mwangalifu na hakutaka kumruka marehemu wa watu. Themanini na tano. Themanini na sita. Kwenye themanini na saba alilitaja jina la mama, na niliisikia pumzi ya dada kutoka nyuma ya pazia. Nilifumba macho. Alikuwa ameingia, hakubaki mlangoni.

"Themanini na nane," mwalimu akasoma, akasimama. Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma, akaigeuza tena.

"Hiyo bado, mwalimu," dada alisema kutoka upande wa wanawake. "Tia dua, wali unapoa."